IVA imekwama Uingereza na shamba liko Pemba: jibu kwa dada wa Wete

Assalaam alaykum dada yangu. Nimesoma uliyoyaandika. Uko Wete unamuuguza mama, kazi ya London imesimama, na ile IVA, mpango rasmi wa makubaliano na wadai uliouingia ili ulipe madeni ya kadi kidogo kidogo, imekushinda. Msimamizi wa mpango huo ameshakuandikia barua ya onyo. Na baadhi ya wachangiaji hapa wanakupa rai ulihamishie jina la kaka yako fungu lako la shamba la mikarafuu, kisha ndiyo uombe kufilisika. Mimi ni mtu wa Chake. Nilipita njia hiyo hiyo, kutoka IVA hadi kufilisika, kabla ya kurudi nyumbani. Naanza na shamba, kwa sababu linaweza kukuletea balaa kubwa kuliko deni lenyewe.

Usiliguse. Sheria ya England na Wales haiishii kwenye mali iliyoko kule, inataka utaje mali yako popote ilipo. Mfilisi wa serikali, yaani ofisa anayesimamia mali ya aliyefilisika, anaweza kurudi nyuma miaka 5 kutazama ulichokitoa bure au kwa bei ya kutupa, na miaka 2 kutazama kama ulimlipa jamaa yako ukawaacha wadai wengine. Akikuta hilo, mahakama inaweza kulitengua, na vikwazo ambavyo kwa kawaida huisha baada ya mwaka mmoja vinaweza kurefushwa hadi kati ya miaka 2 na 15. Kaka yako naye ataingizwa katika shauri asilolijua mwanzo wala mwisho. Wanaokupa rai hiyo wanakupenda, sina shaka, lakini si wao watakaohojiwa.

Langu lilikuwa fungu la urithi wa baba, shamba halijagawiwa, mikarafuu mingine mikongwe haizai tena. Nililiandika kwenye fomu kama lilivyo. Mfilisi alinipigia simu akiwa na taarifa zangu za benki mbele yake, anasoma mstari baada ya mstari. "Hizi zilizokwenda Zanzibar ni za nani?" Za mama, za matumizi. "Na hizi?" Ada ya skuli ya mtoto wa dada. Hakuwa mkali, alitaka kila kitu kiwe na maelezo yake. Kwenye shamba aliomba karatasi. Ndugu zangu wakaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, wakapata barua inayoeleza warithi ni nani na shamba liko wapi, tukaitafsiri, tukaituma. Mwisho wake familia ililinunua fungu langu kwa bei iliyokadiriwa, pesa ikaenda kwa wadai, na shamba halikutoka mikononi mwetu. Msimu wa karafuu uliofuata majamvi yalianikwa uani kwetu kama kawaida. Njia ya halali ya kulinusuru shamba ipo, na hupitia kwa mfilisi mwenyewe.

Sasa hiyo IVA. Kabla hujaitupa, muulize msimamizi kwa maandishi kama wadai watakubali kupunguza malipo au kukupumzisha kwa muda, kwa sababu ya ugonjwa wa mama. Wadai ndio waliouridhia mpango tangu mwanzo, kwa kura za wenye angalau asilimia 75 ya thamani ya deni lililopigiwa kura, na ni wao wanaoweza kuubadilisha. Kama kipato hakipo kabisa na hakitarudi karibuni, usiendelee kukopa kwa watu wa nyumbani ili uulishe mpango uliokwisha kufa. Hili linaniuma kila nikiliona. Sehemu kubwa ya malipo ya mwanzo hulipia ada za wasimamizi, na mpango ukivunjika deni lililobaki linakurudia, na wadai wanaweza kudai tena na riba. Kampuni iliyonisimamia mimi haikunieleza hayo kwa lugha ya kueleweka hata siku moja. Ukishindwa kweli, omba barua ya kusitishwa kwa mpango na uihifadhi.

Kuna njia ya tatu kabla ya kufilisika, inaitwa DRO, yaani amri ya kusamehewa madeni kwa mwenye kipato na mali kidogo. Tangu Aprili 2024 haina ada, na tangu Juni 2024 inapokea deni hadi pauni 50,000. Lakini haiwezekani IVA ikiwa bado hai, na mali yako, ukiacha vyombo vya nyumbani na gari la bei ndogo, haitakiwi kuzidi pauni 2,000. Fungu la shamba linaweza kukutoa hapo, kwa hiyo lipatie makadirio kwanza. StepChange na Citizens Advice, mashirika ya hisani ya Uingereza, wanatoa ushauri bila malipo. Usimlipe mtu anayekuahidi kukufutia deni kupitia WhatsApp.

Kufilisika kwenyewe huombwa mtandaoni, huendi mahakamani. Ada ni pauni 680 na unaweza kuilipa kwa mafungu, ila ombi haliondoki mpaka itimie. Kuwepo kwako Pemba sasa si kizuizi ikiwa uliishi England au Wales ndani ya miaka 3 iliyopita. Jina lako litatangazwa kwenye gazeti la serikali na kwenye daftari la waliofilisika, na historia yako ya mikopo itabeba alama hiyo miaka 6. Kwa kawaida unaachiliwa, yaani unaondolewa madeni na vikwazo, baada ya miezi 12. Ukiwa na kipato cha ziada unaweza kuagizwa kuchangia hadi miaka 3. Mkopo wa masomo, faini za mahakama na matunzo ya mtoto hayafutiki. Na urithi ukikufikia kabla hujaachiliwa lazima umwambie mfilisi, kwa sababu anaweza kuuchukua kwa ajili ya wadai. Nakutajia hili kwa uzito wake na kwa heshima, huku nikimwombea mama afya.

Umeuliza pia kama ni dhambi. Mimi si shekhe, lakini fiqhi yetu inamjua muflisi tangu zamani: kadhi humzuia kutumia mali yake, huiuza, na wadai hugawana kwa kadiri ya haki zao. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaagiza mwenye dhiki apewe muda, na Suratu Tawba aya ya 60 inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Tofauti ni kwamba sheria ya Uingereza hulifuta deni, na wengi wetu tunaamini haki ya mtu inabaki shingoni. Ami yangu alikuwa ananidai. Nilimwandika kwenye orodha kama wadai wengine, nikamweleza kwa nini siwezi kumlipa yeye kwanza. Akanambia, "Wape wenzangu, mimi nipo." Baada ya kuachiliwa nilianza kumlipa kwa hiari yangu, na hilo halikatazwi.

Ukipata ile barua ya kusitishwa, niandikie ujumbe wa faragha. Tutaijaza pamoja sehemu ya fomu inayouliza mali iliyo nje ya Uingereza, na kabla ya hapo mwombe kaka yako aanze kwenda kwa sheha.