Ngazi za Kadutu na ndege wa kikwembe

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni milima mitupu. Ukitaka kamera ipande au ishuke, unahitaji magoti mazima tu. Filamu yetu fupi ya kwanza tuliirekodi kwa simu kwenye ngazi za mtaa wa Kadutu. Mwanaume tukamsimamisha juu, mkewe chini, simu tukaishika chini kabisa ikimtazama bwana. Kontreplonje, yaani kamera chini ikitazama juu! Sasa, tukasema, kila mtu ataona nani anatawala nyumba ile. Tulipowaonyesha majirani, mama mmoja akauliza, "Huyu baba ni mhubiri?" Kicheko hakikuisha.

Nguo ndiyo ilituumbua. Tulimvalisha abakosti (koti lisilovaliwa na tai ya shingoni) ya marehemu babu. Wazee wakaona Zaire, Kongo ya enzi za tai kupigwa marufuku hadi Rais Mobutu alipoiruhusu tena 1990. Yaani waliona serikali. Vijana wakaona koti linalopwaya mabegani. Mimi nilitaka mume mwenye wivu.

Na hiyo kanuni ya kamera chini, usiimeze nzima. Mwongozaji Orson Welles, katika filamu ya Citizen Kane ya 1941, alitoboa hata sakafu ili kamera ishuke zaidi, lakini Kane, anayeonekana jitu pale, ametoka kushindwa uchaguzi. Ndoa ya kwanza ya Kane, mwenye gazeti, inafia mezani, wakati wa kifungua kinywa: mavazi yanabadilika, meza inawatenganisha, mwisho mke anasoma gazeti la mshindani wa mumewe.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijagusa kamera, najiuliza: kati ya hawa wawili, nani anaweza kushika nguo ya mwenzake bila kuomba ruhusa? Tuliporudia, mume alivaa shati jeupe, kifungo cha mkono kimefunguka. Kamera nikaiweka usawa wa macho ya mke. Mke hapandi. Ananyoosha mkono tu, na mume, aliye ngazi mbili juu, analazimika kuinama ili afungwe kifungo. Hakuna aliyesema neno, nami sikuandika neno.

Kikwembe (kitenge) cha mke usichague peke yako (hasa wewe mwanaume). Nenda sokoni na mama anayezijua chapa. Sisi tulipewa ile ya ndege anayetoka tunduni, ambayo kwa Kifaransa huitwa "ukitoka, nami natoka". Safari hii yule mama wa mhubiri alimwona ndege kabla ya kumwona mume. Akapiga makofi, akamwambia jirani yake: "Huyo bwana alale nyumbani leo."