Bibi wa Kiyahudi na kibla chake

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Niko London, namtunza bibi wa Kiyahudi asiyeweza kusimama. Kila asubuhi huniomba nimgeuzie kiti kuelekea Jerusalem ili asali. Kiangazi hiki alifunga tangu magharibi hadi usiku wa pili, nikamsihi ale akakataa. Alitaka taa zipunguzwe, akawa anasoma huku machozi yanamtoka. Analilia hekalu lao. Nikamhurumia. Kaka yangu anasema Mayahudi hawakuwahi kuwa na chochote Quds, yaani Jerusalem, ni uzushi wa siasa, na nikimgeuza kiti nashiriki uongo. Je, nimekosea?

JIBU: Wa alaykumus-salaam mwanangu. Hujakosea. Sala ni yake; wewe umemgeuzia kiti mgonjwa, ndiyo kazi yako. Huruma yako nayo usiitubie.

Lililonisumbua ni neno la kaka yako, maana siku hizi nalisikia hadi kwenye mimbari. Anataka kuitetea Palestina, lakini anaikata Qur'ani ili aitetee. Kama hapakuwa na kitu pale, Nabii Suleiman alayhis-salaam atamweka wapi, naye Mtume (s.a.w.) ametueleza, katika hadithi ya an-Nasai, kwamba alijenga Baytul Maqdis akamwomba Mola mambo matatu? Suratul Israa aya ya 7 ataisomaje, inayotaja maadui wa Wana wa Israili kuingia Msikitini "kama walivyoingia mara ya kwanza"? Jina lenyewe, Baytul Maqdis, ni ndugu wa Beit HaMikdash, jina la hekalu hilo kwa Kiebrania. Na katika Baqara 145 Mola anamwambia Mtume wake kuwa hatafuata kibla chao. Chao! Sisi wenyewe tulikielekea Madina miezi 16 au 17.

Haya, Qur'ani aiweke kando kidogo. Mwaka 1925 Baraza Kuu la Waislamu la Quds, chini ya Mufti Amin al-Husseini, lilichapisha mwongozo wa wageni wa Haram ya Quds, uwanja wa Msikiti wa Aqsa, likasema kuwa pale ndipo lilipokuwa hekalu la Suleiman na kwamba jambo hilo halina ubishi. Nani atamwita Mufti yule, mpinzani mkali wa Wazayuni, kibaraka wao?

Bibi yako analilia nyumba iliyochomwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Masihi, ikajengwa tena, Warumi wakaibomoa mwaka 70. Baada ya uasi wao dhidi ya Warumi kushindwa mwaka 135, Mayahudi wakapigwa marufuku hata kukanyaga mjini. Ndiyo maana bwana arusi wao huvunja gilasi siku ya furaha yake, na wacha Mungu wao huacha kipande cha ukuta wa nyumba bila plasta. Wasalibi, wale Wakristo wa vita vya msalaba, waliwaua Mayahudi mjini humo mwaka 1099. Salahuddin alipoukomboa mji mwaka 1187, aliwaruhusu kurudi. Yeye hakuona haja ya kuwakana ili awe Mwislamu.

Mpalestina ana haki ya nyumba yake kwa sababu ni yake. Haki hiyo haisimami juu ya kukana machozi ya bibi, wala machozi ya bibi hayampi mtu ruhusa ya kuivunja nyumba hiyo. Kaka yako msomee Maida aya ya 8, inayotuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia, kwa upole. Uchungu wake naujua.

Na wewe, kutoka London Quds na Makka zote ziko kusini-mashariki. Ukishamgeuzia kiti asubuhi, adhuhuri mwombe nafasi utandike mswala wako karibu upande uleule, atakuelewa upesi. Mfungo wake ukirudi mwakani, giza likiingia mkute na maji na chakula tayari, kama unavyopenda kukuta futari.