Dawa mpya ya saratani imetangazwa? Uliza kabla ya kuuza kiwanja

Juni 2022 kundi la WhatsApp la familia yetu liliamka na ujumbe kutoka kwa ndugu yetu aliyeko Muscat: saratani imepata dawa, wagonjwa wote waliopewa wamepona, hakuna aliyepasuliwa wala kupigwa mionzi. Wakati huo mama mdogo alikuwa amegundulika na saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na tulikuwa tunasubiri apangiwe tarehe ya kuanza mionzi. Dua zikamiminika. Mjomba mmoja akataka kujua kiwanja cha Chanika kinaweza kufika shilingi ngapi. Mjomba mwingine akaandika mstari mmoja tu: "Hao wanatafuta watu wa kujaribia."

Nawaandikia wenye mgonjwa nyumbani ambao wamepokea ujumbe wa namna hiyo na hawajui waufanyie nini. Katika kuuguza nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na wauguzaji wenzangu, na nimeona kwamba mwenye matumaini makubwa na mwenye shaka kubwa mara nyingi hufanana kwenye jambo moja. Wote wawili wameshaamua kabla hawajauliza chochote.

Habari ile ya 2022 ilikuwa ya kweli. Utafiti ulifanywa katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, chini ya madaktari Andrea Cercek na Luis Diaz, na dawa inaitwa dostarlimab. Mgonjwa alitundikiwa dripu kila baada ya wiki 3 kwa muda wa miezi 6. Wagonjwa 12 wa kwanza waliomaliza dawa, uvimbe ulitoweka kwa wote 12. Kamera inayoingizwa kwenye utumbo haikuuona, kipimo cha picha cha MRI hakikuuona, na hata kinyama kilipochukuliwa hakikuonyesha kitu. Kufikia 2024 waliomaliza walikuwa 42, na matokeo yalikuwa yaleyale kwa wote. Kwenye saratani, matokeo ya namna hiyo karibu hayajawahi kuonekana. Kwa hiyo waliosema ni uzushi walikosea.

Ila ujumbe uliozunguka ulikuwa umekatwa mahali muhimu. Wagonjwa wale walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa wa aina moja maalumu. Chembe za mwili zina protini ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa kila vinasaba vinaponakiliwa. Kuna uvimbe ambao wasahihishaji hao wameharibika, makosa yakarundikana, mpaka kinga ya mwili ikaweza kuutambua kama mgeni. Dostarlimab huiondolea kinga breki, na kinga inaushambulia uvimbe. Katika saratani ya puru, wenye uvimbe wa aina hiyo ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya wagonjwa. Kwa wengine wote, tiba iliyothibitika ilibaki kuwa mionzi, kemo (dawa kali za kuua chembe za saratani) na upasuaji.

Swali letu, basi, halikuwa tena kama dawa ile ni ya kweli. Lilikuwa: uvimbe wa mama mdogo ni wa aina gani? Na swali hilo lilijibika hapahapa Dar es Salaam bila kuuza chochote cha maana. Daktari wake alituambia kwamba kinyama kilichochukuliwa wakati wa kamera bado kimehifadhiwa maabara, tukaombe bloku. Kama hujawahi kuiona, bloku ni kikasha kidogo cha plastiki kilichojazwa nta nyeupe, inakaa kwenye kiganja, na katikati ya nta kuna kijipande cha nyama cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Nyuma imeandikwa namba ya mgonjwa. Niliibeba kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya daktari hadi maabara nyingine, ambako wanakata utando mwembamba na kuupaka rangi ili waone kama protini nne za usahihishaji zipo: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Majibu yalipotoka, zote nne zilikuwepo. Maana yake uvimbe wake haukuwa wa aina ile.

Mama mdogo aliisoma karatasi mwenyewe, akaikunja, akaniuliza, "Kwa hiyo mionzi ni lini, mwanangu?" Akapata mionzi, akapata kemo, akafanyiwa upasuaji. Leo anaishi na mfuko wa choo tumboni, anahudhuria kliniki, na anauza vitenge vyake kama zamani. Kiwanja cha Chanika kipo. Kwa taarifa tu, bei iliyotajwa wakati ule Marekani ilikuwa takriban dola 11,000 kwa dozi moja, na mgonjwa huhitaji dozi 9. Kiwanja kile hakingefika hata dozi ya pili.

Ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu: ijue karatasi ya patholojia ya mgonjwa wako, yaani majibu ya maabara yanayosema uvimbe wake ni wa aina gani. Omba nakala, ipige picha, ihifadhi. "Saratani ya titi" ni jina la magonjwa kadhaa. Kuna uvimbe wa titi wenye vipokezi vya homoni, kuna wenye protini iitwayo HER2 kwa wingi, kuna usio na kimojawapo, na dawa zake hazifanani. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, imeokoa wanawake wengi sana wenye HER2, lakini kwa asiye na HER2 haina kazi. Ukiletewa habari ya dawa mpya na hujui majibu ya vipimo hivyo, hata daktari bingwa hawezi kukuambia kama inakuhusu.

Ukishajua aina, uliza wamejaribiwa watu wangapi, na walilinganishwa na nani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chake kiliishia kwenye bara letu. Miaka ya 1990 madaktari wengi waliamini kwamba mwanamke mwenye saratani ya titi iliyosambaa akipewa kemo kali mno, kisha akarudishiwa chembe za uboho wake, atapona. Wagonjwa Marekani waliidai tiba hiyo kwa nguvu, kampuni za bima zikashtakiwa zilipokataa kuilipia, na makumi ya maelfu ya wanawake wakaipata nje ya utafiti wowote. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa kwa uangalifu zilipotoa majibu mwaka 1999, karibu zote zilisema haiwazidi waliopata kemo ya kawaida. Mtafiti mmoja tu ndiye aliyetoa majibu mazuri, Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwanzoni mwa 2000 wakaguzi kutoka Marekani walikwenda kuangalia mafaili yake. Kumbukumbu za wagonjwa wengi hazikupatikana, na fomu za ridhaa hazikuwepo. Bezwoda akakiri kwamba alipotosha matokeo. Wanawake wale wa Johannesburg, wengi wao maskini, walibebeshwa mateso ya kemo kali na hawakuwahi kuulizwa ipasavyo kama wanakubali.

Kwa hiyo mjomba wangu mwenye shaka simbezi. Ana sababu. Tuskegee huko Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili waangaliwe tu ugonjwa unavyokwenda. Kano, Nigeria, mwaka 1996, watoto wenye homa ya uti wa mgongo walipewa dawa ya majaribio ya Pfizer, na kesi zake zilichukua miaka. Mtu anayejua haya akisikia neno "majaribio" lazima ashtuke, na kumcheka ni kumkosea heshima.

Lakini namwomba mjomba asiishie hapo. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa ukanda wetu. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale kituo cha kutibu uvimbe huo, ambacho leo ni Uganda Cancer Institute, na wagonjwa wengi walikuwa watoto wa Uganda wenyewe. Kwa kuwapanga katika makundi na kulinganisha, madaktari walijifunza namna ya kuchanganya dawa za kemo, na maarifa hayo yametumika duniani kote. Mtoto wa Kigoma au Kisumu anayetibiwa uvimbe wa Burkitt leo anafaidi kazi ya Kampala. Na dawa zikijaribiwa New York na London peke yake, nani atajua zinavyofanya kazi kwa mtu wa huku, mwenye malaria, mwenye VVU, anayefika hospitali ugonjwa umeshasogea?

Ninachotaka ni watu wetu waingie kwenye utafiti wakijua haki zao. Kama daktari amekuambia kuna utafiti na mgonjwa wako anafaa, fomu ya ridhaa lazima iwe kwenye lugha mnayoielewa, na ikiwa ni ya Kiingereza peke yake, usisaini, omba ya Kiswahili. Chukua nakala nyumbani, ilale, isome tena na mtu mwingine. Humo ndani mtakuta namba ya simu ya kamati ya maadili. Ipo kwa ajili ya mgonjwa, itumieni. Mgonjwa anaweza kujitoa siku yoyote na asinyimwe matibabu yake ya kawaida. Tanzania utafiti wa dawa lazima uwe na kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo lazima iidhinishe. Ulizeni barua zake bila aibu. Ulizeni pia ni awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza hutafuta zaidi dozi ambayo mwili unaistahimili. Wengi wanaoingia humo huingia wakidhani wanakwenda kuponywa, na hakuna aliyewaeleza vinginevyo.

Kuhusu hela niseme waziwazi: anayekuuzia dawa "iliyo kwenye majaribio" anakuibia. Utafiti halali hauuzi dawa inayojaribiwa kwa mgonjwa. Mtu mwenye kliniki ya kona anayedai milioni kadhaa taslimu kwa sindano za "seli" zinazotibu saratani, sukari na kiharusi kwa pamoja, ondokeni hapo.

Hilo la dawa moja kutibu yote tumeshalipitia. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kupata kikombe cha dawa ya mti iliyosemwa kutibu magonjwa mengi, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Wengine walitolewa wodini wakapandishwa kwenye magari, wengine wakaacha ARV, na wapo waliofia njiani. Siwalaumu waliokwenda, mtu aliyeambiwa "mrudisheni nyumbani" atakwenda popote. Na miti ina dawa kweli: vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo za watoto wetu, hutokana na lile ua la waridi na jeupe linalopandwa uani, la asili ya Madagaska. Ila dawa hiyo ni kidogo mno ndani ya jani, na hupimwa kwa miligramu kwa sababu ikizidi kidogo inaharibu neva. Kuchemsha majani nyumbani si tiba hiyo. Kama mgonjwa wako anakunywa dawa ya mitishamba, mwambieni daktari, hata kama atakunja uso, maana baadhi hugombana na kemo kwenye ini.

Desemba 2024 Urusi nayo ilitangaza chanjo ya saratani ya mRNA, teknolojia iliyotumika kwenye baadhi ya chanjo za UVIKO, itakayotolewa bure kwa wagonjwa wake, na simu zikajaa tena. Safari hii kundini kwetu swali la kwanza lilikuwa, "Ya aina gani ya saratani, na imejaribiwa kwa watu wangapi?" Aliyeliuliza ni mama mdogo. Tangazo halikuwa na majibu. Chanjo za namna hiyo zinatafitiwa kwa dhati pia Marekani na Uingereza, hutengenezwa kwa kufuata uvimbe wa mgonjwa mmoja mmoja, na lengo lake ni kutibu aliyekwisha kuugua.

Kama ujumbe umeingia leo, usimtumie mgonjwa moja kwa moja. Chagueni mtu mmoja kwenye familia wa kupokea habari hizi, azichuje, na ile habari moja inayoonekana ina uzito aipeleke kliniki. Usiku wa kuamkia kliniki, mgonjwa anahitaji usingizi kuliko video ishirini. Siku ya kliniki nenda na karatasi ya patholojia, na picha ya ule ujumbe, na maswali umeyaandika: uvimbe wa mgonjwa wangu ni wa aina hii? Kuna kipimo cha kujua, na kinafanyika wapi? Kuna utafiti wowote hapa nchini au Nairobi au Kampala anaoweza kuingia? Daktari ana wagonjwa wengi nje, kwa hiyo yasome harakaharaka na uandike majibu hapohapo. Na kama mionzi imepangwa Jumatatu, Jumatatu mpeleke mionzi.