Nimeumia kichwa kazini na sasa nimeachishwa kazi: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mtunza stoo katika ghala la bidhaa za jumla jijini Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa nne nikiwa hapo. Miezi mitatu iliyopita katoni ya sabuni iliniangukia kichwani kutoka rafu ya juu. Sikuzirai, ila nilitapika na kupata kizunguzungu. Hospitalini nilifanyiwa kipimo cha CT, nikaambiwa hakuna tatizo, nikapewa dawa za maumivu. Tangu siku hiyo kichwa kinaniuma, taa za ghalani zinanichoma macho, na ninaweza kuhesabu mzigo uleule mara tatu nikapata idadi tatu tofauti. Msimamizi wangu husema ninadeka. Wiki mbili zilizopita nilipewa barua ya kuachishwa kazi kwa sababu ya utendaji duni, na sasa afisa utumishi ananishauri nisaini karatasi nyingine kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu ili nilipwe haraka. Je, nina haki yoyote, ilhali kipimo hakikuonyesha kitu?
Dada wa Temeke

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa maumivu na kwa kuambiwa unadeka. Jambo la kwanza, usiisaini karatasi hiyo. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana msingi mzuri wa kulalamika kwamba ameachishwa isivyo halali, na pia anajifungia mlango wa fao la kukosa ajira la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambalo nitalieleza baadaye kidogo. Stahili zako za kuachishwa kazi hazitegemei saini hiyo, na kwa kweli sioni faida yake kwako hata moja.

Jambo la pili lina haraka kuliko yote. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na wewe umekwisha kutumia karibu nusu yake. Nenda ofisi ya Tume wiki hii, ujaze Fomu Na. 1, nakala umpelekee mwajiri na uhakikishe aliyeipokea ameweka saini na tarehe. Ukichelewa, utalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na maombi hayo yanaweza kukataliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Na pale ambapo mfanyakazi ameshindwa kazi kwa sababu ya kuumia, mwajiri anatarajiwa kwanza kuangalia ukubwa wa jeraha, muda linaoweza kuchukua kupona, na kama ipo kazi nyepesi ambayo mfanyakazi angeweza kupewa. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Kwa maelezo yako, hakuna aliyekueleza lolote kati ya hayo kabla ya kukuandikia barua, na jambo hilo ulitaje mbele ya msuluhishi wa Tume.

Fidia ya kuumia kazini ni njia nyingine kabisa, wala haisubiri shauri la Tume limalizike. Husimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na mwajiri hutakiwa kuutaarifu ndani ya siku saba tangu apate habari za ajali. Ikiwa hakufanya hivyo, peleka taarifa wewe mwenyewe, kwa kuwa haki hupotea taarifa ya ajali isipofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12. Mbali na matibabu, Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ikithibitika baadaye kwamba ulemavu ni wa kudumu, ulio wa asilimia 30 au chini hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Sasa niligeukie lile linalokutia hofu zaidi, yaani kipimo. Kipimo cha CT hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, lakini mtikisiko wa ubongo huvuruga utendaji wa ubongo bila kuacha alama ambayo picha hiyo inaweza kuiona. Jibu safi la CT halimaanishi kwamba hukuumia. Wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini wapo ambao maumivu ya kichwa, usahaulifu, hasira za ghafla na kushindwa kuvumilia mwanga au kelele huendelea kwa miezi. Rudi hospitalini, uombe rufaa ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu, na umsihi aandike sio jina la ugonjwa pekee bali pia kazi usizoziweza: kusoma ankara kwa dakika ngapi kabla kichwa hakijaanza kugonga, kupanda ngazi ya rafu, kufanya hesabu palipo na kelele. Nyumbani weka daftari, na kila jioni mumeo au ndugu akuandikie mistari miwili mitatu ya yaliyotokea siku hiyo, kwa kuwa kumbukumbu yako kwa sasa haitoshi kuibeba kazi hiyo. Tafuta pia mwenzako aliyeiona katoni ikianguka, akuandikie maelezo yenye tarehe na saini mapema, kabla hajahamishwa au kusahau. Kutapika kukirudi, kichwa kikizidi kuuma, ukipata degedege au usingizi usio wa kawaida, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu NSSF, mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, mwenye umri chini ya miaka 55, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari, anaweza kulipwa fao la kukosa ajira la takribani theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Fedha hizo hazitatosha kodi ya nyumba na ada za watoto kwa pamoja, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba sasa, kabla deni halijaanza.

Msaada wa bure wa kisheria unapatikana katika Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na kwa wanasheria wanawake wa TAWLA. Siku ya usuluhishi nenda na mtu wa kukusomea nyaraka, na umwombe msuluhishi mapema mapumziko ya mara kwa mara; ni ombi la haki, na daktari wako anaweza kuliunga mkono kwa barua.