Baridi ya alfajiri ziwani: kwa anayeanza kulala chomboni

Kijana anayetoka bara kuja kuanza kazi kwenye boti za mbao za Mwanza akiambiwa anunue sweta hucheka. Mchana jua linachoma hadi mbao za chombo hazikanyagiki. Subiri Juni, Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma. Usiku hewa hushuka mpaka nyuzi 15 hadi 18, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri ndipo utakaposikia meno yakigongana. Ukitia mkono majini wakati huo utayaona ya uvuguvugu, maana ziwa halipoi haraka kama hewa. Wageni wengi hapo ndipo wanapojidanganya.

Nyuzi 15 peke yake haimwangushi mtu mzima. Kinachomwangusha ni maji mwilini pamoja na upepo. Maji huondoa joto la mwili takriban mara 25 zaidi kuliko hewa ya joto lilelile, na nguo iliyolowa ikipigwa na upepo hunyonya joto lako ili ikauke. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kubaki mkavu, ya pili ni kuziba upepo. Moto ni wa mwisho kabisa, na mahali pa kulala haufai hata kidogo.

Tuanze na nguo, kwa sababu ndizo zinazoharibika mapema. Uwe na pea mbili: ya kazi na ya kulala. Ya kulala (suruali ya traki, sweta, soksi, kofia ya kufunika masikio) ikae kwenye ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, blanketi ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Usiivae kuvuta nyavu wala kupakua mzigo, hata kwa dakika tano, hata mvua ikiwa imekata. Ikishalowa huna nyingine mpaka asubuhi. Suruali ya jinzi usiifanye nguo ya kazi ya usiku: inakunywa maji, inakuwa nzito, haikauki. Pitia mitumba, kama pale soko la Mlango Mmoja, utafute sweta la sufu au lile koti laini lenye manyoya mafupi. Hata likilowa kidogo bado linashika joto. Juu yake vaa koti la mvua lisilopitisha upepo. Kwenye zamu ya usiku vaa na jaketi la kuokolea. Sponji lake linakinga kifua dhidi ya baridi, na ukiteleza ukaingia majini tayari umelivaa.

Sasa turubai. Hapa ndipo waanzaji wengi wanapokosea. Kwa boti ya mita 9, turubai la mita 4 kwa 5 linatosha kufunika sehemu ya mbele ya kulalia. Pitisha kamba katikati, kutoka puani mwa boti hadi kwenye nguzo, kama mita 1.2 juu ya ubavu, kisha tandaza turubai juu yake. Kosa la kawaida ni kufunga kingo kwa ndani ya ubavu. Mvua ikinyesha, maji yote ya turubai yanateremka moja kwa moja ndani ya chombo, yanapita chini ya godoro, na watu wanalaumu mbao kwamba zinavuja. Vuta kingo zipite nje ya ubavu na zishuke inchi tatu au nne chini yake, ndipo ufunge. Kamba ya katikati iwe imekaza sana: ikilegea maji yanajikusanya katikati kama beseni, uzito unavuta fundo, na saa nane usiku linakumwagikia lote kwa pamoja.

Boti iliyotia nanga kwa mbele hugeuza pua yake kuelekea upepo. Basi ziba upande wa mbele, acha wa nyuma wazi. Usizibe pande zote. Pumzi za watu wanne zinageuka matone chini ya turubai, na asubuhi blanketi limelowa ingawa mvua haikunyesha. Ukiwa umefunga kamba nchi kavu mambo hubadilika: boti haigeuki, upepo ndio unaogeuka, kwa hiyo angalia upya kabla ya kulala.

Chini pia kuna baridi. Boti ya mbao daima ina maji kidogo ndani, na ikiwa ilikaa siku kadhaa juu ya mchanga mbao zinakauka na kuachana, hivyo usiku wa kwanza majini huvuja zaidi hadi zitakapovimba tena. Kumba maji yote kabla ya kulala, na mwenye zamu akumbe tena katikati ya usiku. Weka kichaga cha mbao kinachoinuka walau inchi nne, juu yake nailoni, kisha godoro la sponji la inchi tatu. Sponji likigusa maji kona moja tu, linayavuta mpaka mgongoni.

Jiko la mkaa tulisemee kwa uwazi, maana linaua. Mkaa uliokolea na kuacha kutoa moshi bado unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Chini ya turubai inajikusanya, na aliyelala haamki kukohoa. Anazidi kulala tu. Wenzetu wa Uingereza wanaoishi kwenye boti za mifereji huwasha jiko la chuma ndani, lakini lina bomba linalotoa hewa hiyo nje, na hutundika kengele ya kuigundua. Boti zetu hazina bomba. Jiko litumike sehemu ya nyuma iliyo wazi, likiwa ndani ya debe lenye mchanga wa inchi mbili, mbali na dumu la petroli, na lizimwe kabla watu hawajalala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mwa boti kama maji hadi ukutane na kaa. Watu wawili au watatu wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, usifikirie chakula. Fungua turubai, watoe wote kwenye hewa, kisha wapelekwe hospitali. Karabai nayo isilale na watu.

Joto la usiku litoke kwenye chupa. Jaza chupa ya chai uji mtamu au chai ya tangawizi jioni, uinywe saa tisa, wakati ugali wa saa mbili umekwisha tumboni. Dumu la lita tatu lijazwe maji ya moto yaliyopoa kidogo (yakichemka yanaikunja plastiki), lifungwe kwa kitambaa na liwekwe tumboni. Gongo liache. Unajisikia moto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko inakopotezea joto.

Mwangalie mwenzako. Anayetetemeka bado ana nguvu. Anayekosea fundo analolijua, anayeongea kama aliyelewa, au aliyeacha kutetemeka huku bado amelowa, yuko hatarini. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunge blanketi pamoja na kichwa, mwingine alale kifua kwa kifua naye. Mpe chai yenye sukari ikiwa anaweza kumeza vizuri. Usimsugue mikono na miguu, wala usimsogeze kwenye moto. Elekezeni boti kwenye zahanati iliyo karibu. Na anayetetemeka akiwa mkavu, mwili wake ukichemka, huyo si wa baridi: akapimwe malaria siku hiyohiyo.

Jua likichomoza, kunjua turubai lote, simamisha godoro likipigwa na jua pande zote mbili, anika blanketi. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo kitu kilichokauka kinabaki kikavu, si kama nguo za baharini. Saa kumi jioni bonyeza sponji kwa kiganja katikati na kwenye kona. Kiganja kikitoka na unyevu, godoro libaki nchi kavu, na usiku huo tandika majaketi ya kuokolea ya wasio zamu juu ya kichaga.