Amsterdam siku mbili: boti au miguu?
Dada, kwa hizo siku mbili ulizosema, boti la mferejini panda mara moja tu, jioni taa zikishawaka, muda mwingine wote tembea kwa miguu kando ya mifereji ya Prinsengracht na Herengracht, hapo ndo utamu wenyewe ulipo. Inua macho uangalie zile nyumba nyembamba za karne ya 17, nyingi zina ndoano kule juu kabisa, wanapandishia makochi na makabati yanaingilia dirishani maana ngazi za ndani zimebana balaa, na nyingine zimejengwa zikiinamia mbele makusudi ili mzigo usigonge ukuta. Ila chunga baiskeli, wale hawamsubiri mtu! Kivuko cha nyuma ya stesheni kuu kwenda Noord, mtaa wa ng'ambo ya maji, ni bure. Nyumba ya Anne Frank, yule binti Myahudi aliyejificha humo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kata tiketi mtandaoni mapema, mlangoni hawauzi.