Kiti Kimoja Kimebaki: Mzee wa Safari Ajibu Barua za Foleni

*Asalaam aleikum, Mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Bombo, Uganda. Kaka yangu anaishi Orlando, Marekani, na ametukaribisha likizo ya mwezi wa nane. Ameahidi kutupeleka kwenye bustani mbili za michezo za Disney: Magic Kingdom siku moja na Animal Kingdom siku ya pili. Watoto wana miaka 12, 7 na 2. Jirani aliyewahi kufika anasema watu husimama kwenye laini saa nzima kwa mchezo wa dakika tatu. Kaka anataka tununue ruhusa ya kupita laini, lakini mimi nauli peke yake imeshanimaliza. Nifanye nini? – Mama wa Watatu, Bombo*

Aleikum salaam, mwanangu. Kabla hatujagusa pochi, tazama kalenda, kwa sababu una bahati ambayo hujaijua.

Shule zetu hufunga muhula wa pili mwishoni mwa mwezi wa nane na kufungua katikati ya mwezi wa tisa. Shule za Orlando hufunguliwa karibu tarehe 10 ya mwezi wa nane. Maana yake wanao wanapofunga, wenzao wa kule wameshapigiwa kengele, wamo darasani. Jumatatu ya kwanza ya Septemba Wamarekani wana sikukuu ya wafanyakazi, na siku tatu hizo watu wengi wa kule huwa mapumzikoni. Ipite. Nenda Jumatano au Alhamisi inayofuata, na hapo utakuwa umepunguza foleni kuliko ruhusa yoyote ya kununua. Ubaya wa majira hayo ni joto, na ni msimu wa vimbunga, unaoanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Chukua tiketi ya ndege inayokubali kubadilishwa tarehe.

Jambo la pili ni saa. Hapa nitakusimulia aibu yangu. Safari ya kwanza niliyopeleka wateja kwenye bustani ya namna hiyo, walikuwa watu sita, nililipia nafasi ya kupita foleni kwenye mchezo mkubwa. Simu ikaandika 1:00. Kichwa changu cha Kiswahili kikasoma saa moja. Nikawatangazia kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: turudi hotelini, tule, tulale, saa moja jioni tupo mlangoni. Tulifika tumeoga, tumenukia. Yule binti wa mlangoni akakitazama kifaa chake, akaitazama saa yake, kisha akatutazama sisi kwa huruma. Nafasi yetu ilikuwa ya saa saba mchana. Tangu siku hiyo kila mteja wangu nampa karatasi yenye safu mbili: saa ya simu upande mmoja, saa yetu upande wa pili. Andika yako kwa kalamu, uibandike nyuma ya simu. Usiamini kichwa chako kikiwa kimechoka na ndege.

Sasa ruhusa yenyewe. Zamani, kuanzia 1999, Disney waliitoa bure kwa jina la FastPass. Mwaka 2021 wakaanza kuiuza, na tangu 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Unachagua michezo mitatu mapema kwenye programu ya simu, na ukishatumia nafasi moja unaruhusiwa kuomba nyingine. Wanaolala hoteli za Disney huchagua siku saba kabla ya ziara. Wewe unalala kwa kaka, kwa hiyo unachagua siku tatu kabla, dirisha likifunguliwa saa 7:00 asubuhi ya Florida, yaani saa moja asubuhi yetu ya mdomoni. Michezo michache mikubwa haimo humo, inauzwa peke yake. Ipo pia ruhusa ya kifalme inayoitwa Premier Pass, ambayo bei yake kwa mtu mmoja kwa siku moja inapita dola 100. Hiyo tuwaachie wenye nayo.

Hukumu yangu: nunua Magic Kingdom, usinunue Animal Kingdom. Magic Kingdom ina michezo mingi na wewe una siku moja tu. Nunua ya watu wanne, si watano, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka mitatu haingii kwa tiketi wala hahitaji ruhusa. Na katika zile nafasi tatu, ya kwanza iwe ya asubuhi mapema iwezekanavyo. Watu huchagua ya jioni wakidhani wameweka akiba, kumbe wamejifungia mlango. Hupati nyingine mpaka umetumia moja.

Kabla ya kulipa chochote, mpime yule wa miaka 7 kwenye fremu ya mlango hapo nyumbani Bombo, akiwa na viatu atakavyovaa. Treni ya Seven Dwarfs inataka sentimita 97. Space Mountain inataka 112, na Expedition Everest kule Animal Kingdom vilevile. Nimeona mtoto amesimama dakika 50, anafika mbele, fimbo inapita juu ya kichwa chake kwa upana wa kidole. Kilio chake kilisikika mpaka kwenye maegesho.

Asubuhi fika langoni dakika 45 kabla ya kufunguliwa. Wa hotelini wataruhusiwa nusu saa kabla yenu, usinung'unike, wamelipia. Ukiingia, usikimbilie mchezo wenye kelele zaidi. Kimbilia ule unaopakia watu polepole. Hii ndiyo siri ambayo wageni wengi hawaijui: urefu wa foleni na muda wa foleni ni vitu viwili. Peter Pan's Flight ni mchezo wa upole kabisa, hata mtoto wako wa miaka 2 anapanda, lakini vijahazi vyake hubeba watu wawili watatu tu, kwa hiyo mchana foleni yake haisogei. Pirates of the Caribbean wana mashua kubwa, na Haunted Mansion ina vigari visivyosimama kupakia, watu wanaingia vikiwa vinatembea. Foleni zake unaweza kuziona zimejikunja mara nne ukaogopa, kumbe zinameza watu. Hizo ziweke mchana. Soma dakika zilizoandikwa mlangoni, usihesabu vichwa.

Mtoto mdogo asikutie wasiwasi. Upo utaratibu wa bure unaoitwa Rider Switch. Mnafika wote kwa mhudumu wa mlangoni, mnamwambia mna mtoto asiyeweza kupanda. Kaka anaingia na wakubwa kwa foleni ya kawaida, wewe unakaa kivulini na mdogo. Wakitoka, unampokeza kaka mtoto na unapitia mlango wa haraka. Kwa kawaida mmoja wa wakubwa anaweza kurudi nawe, na hapo ndipo wataanza kugombana nani arudi. Amua zamu kabla, nyumbani.

Na huyo wa miaka 12 ana mlango wake. Umewahi kupanda takisi pale Old Taxi Park, Kampala, unaujua mchezo. Gari la watu 14, injini inanguruma, kondakta ananing'inia mlangoni anaita "Mmoja! Mmoja!" Familia ya watu wanne inaachwa imesimama na mizigo yake, halafu anatokea kijana na begi moja mgongoni, anaruka ndani, gari linaondoka. Bustani zina foleni ya namna hiyo hiyo, ya mtu anayepanda peke yake. Viti vya treni vimepangwa viwiliviwili, familia ya watu watatu inaacha kimoja kitupu, na hicho ndicho anachopewa yule wa peke yake. Expedition Everest wanayo. Mtoto wa miaka 7 na kuendelea anaruhusiwa kupanda bila mtu mzima, kwa hiyo mwache mkubwa wako aende mara mbili mara tatu wakati nyinyi mnanunua maji. Mwambie tu atakaa na mgeni, na kwamba kuchagua kiti cha mbele hakuna.

Animal Kingdom asubuhi wahini Flight of Passage, halafu Everest. Pale pana pia safari ya kupanda lori kuangalia twiga na tembo. Watu wanaisifu sana. Mwanangu, umetoka Uganda. Twiga wa mbuga yetu ya Murchison hawana foleni. Usiipe asubuhi yako.

Mchana mvua itapiga, na ngurumo zikisikika michezo ya nje inafungwa. Wazungu watakimbilia magari yao. Nyinyi kaeni chini ya paa, vaeni makoti ya mvua, simu ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, msubiri. Nusu saa baada ya mvua ni wakati mzuri kuliko wote baada ya asubuhi. Usiku kule Magic Kingdom vilevile, fataki zikianza watu wote wanatazama juu, na aliyeingia kwenye foleni hata dakika moja kabla ya kufunga anapandishwa.

*Mzee, heshima yako. Mimi ni mfanyabiashara Arua, huenda Dubai kuchukua bidhaa. Desemba hii naenda na mke wangu na kijana wetu wa kidato cha pili. Yeye ameshika neno moja tu: Ferrari World. Nimetenga nusu siku, asubuhi michezo, jioni soko. Inatosha? – Baba Kijana, Arua*

Haitoshi, ndugu yangu, na sababu ya kwanza ni kwamba Ferrari World haipo Dubai. Ipo kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, na kutoka madukani kwako Deira ni zaidi ya saa nzima barabarani hata kama njia ni nyeupe. Mpe kijana siku nzima, mzigo uupakie kesho yake.

Chagua Jumanne au Jumatano. Tangu mwaka 2022 mapumziko ya wiki ya kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wanafanya kazi nusu siku, kwa hiyo yale mazoea ya zamani ya kuhesabu Ijumaa kuwa siku ya watu wote yamepitwa. Kimbia tarehe 2 na 3 Desemba, ni sikukuu yao ya taifa. Kimbia pia wiki ya mwisho ya mwezi, wakati Ulaya yote imehamia huko kuota jua.

Mkiingia, kijana aende moja kwa moja Formula Rossa. Ni treni ya kilomita 240 kwa saa, unapewa miwani kabla ya kukaa ili upepo usikutoe machozi. Mengine mengi yatakusubiri ndani, kwenye kiyoyozi. Wanauza ruhusa ya kupita foleni. Katikati ya wiki, mapema Desemba, mimi nisingeinunua kabla ya kuingia na kuona hali. Ukiona ubao umeandika zaidi ya dakika 40 kwenye michezo miwili ya kwanza, nunua hapohapo. Kumbuka saa yao iko mbele yetu kwa saa moja.

*Mzee wa Safari, nasoma majibu yako nikicheka, lakini nina swali. Hii ya kulipa ili uwapite wenzako waliofika kabla yako, tofauti yake na kutoa kitu kidogo ofisini ni ipi? Nawafundisha watoto kupanga mstari. – Mwalimu, Kasese*

Mwalimu, umenibana. Tofauti ipo: bei imeandikwa ukutani, unapewa risiti, na hakuna karani anayeificha faili yako mpaka umkunjulie mkono. Lakini usiniulize kama naipenda. Simama siku moja pale foleni mbili zinapokutana, uangalie mkono wa mhudumu. Wa haraka wanaita kundi baada ya kundi, halafu wa kawaida kidogo, halafu wa haraka tena. Kila aliyelipa anamsogeza nyuma asiyelipa, na asiyelipa anaona kwa macho. Ndiyo maana wateja wangu nawaambia kwanza waamke mapema, na kulipa kuwe kwa mchezo ule ambao mtoto ataulilia mwaka mzima.

Kibaya zaidi kwangu ni ile ya kumtuma mtoto ashike nafasi, kisha ukoo mzima unaingia mbele yake ukisema "tuko pamoja". Niliifanya mimi mwenyewe, sikukuu ya Idi, kwenye bustani moja hapa Kampala, watoto wangu wakiwa wadogo. Nilimweka wa kwanza kwenye foleni ya bembea kubwa, nikaenda kutafuta soda, nikarudi tukiwa watu wanane. Mama mmoja mwenye gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, ya zambarau, nyuma yetu, hakupiga kelele. Alimuuliza mwanangu kwa upole: "Hawa wote ni nyinyi?" Mtoto akanitazama, akamtazama yule mama, akajibu: "Mimi nilikuwa peke yangu."

Tukarudi nyuma wote tisa.